Kwenye riwaya za ughaibuni, nini hasa kinabadilika kati ya baba na mtoto wa kiume?

Cherehani_ya_Ujiji:

Wakuu habari za mchana. Naomba tujadili kitu, wapenzi wa vitabu mnisaidie.

Nina hadithi naandika, ndefu kiasi. Baba ni fundi cherehani pale Ujiji, anabahatika kwenye bahati nasibu ya grini kadi, anaenda Marekani na mwanae wa miaka tisa. Wanafikia mji wa baridi kweli kweli, baba anaingia kazi ya usiku kiwanda cha nyama, dogo anaingia shule. Sasa kila nikifika sehemu baba na mtoto wanaongea naona haiendi kabisa. Ama wanafokeana kama kwenye bongo muvi, ama baba anatoa hotuba ya "nimeteseka kwa ajili yako" na mtoto analia. Nikisoma kesho yake naona hawa sio watu niliowakusudia.

Nikasimamisha kuandika, nikaenda kusoma wenzetu wamefanyaje. Nimesoma Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah (2017), The Last Gift yake vilevile (2011), na The Namesake ya Jhumpa Lahiri (2003). Kote huko baba hasemi! Masud kwenye Gravel Heart anahama nyumbani kwake anaenda kuishi chumba cha nyuma ya duka la mtu, mwanae Salim anampelekea chakula kwenye kikapu, anapokea, basi. Abbas kwenye The Last Gift alikuwa baharia, akatulia Uingereza, akaoa, akapata watoto wawili, na mpaka maradhi yanamwangusha akiwa na miaka 63 wanawe hawajui katoka wapi hasa wala kwanini aliondoka. Ashoke kwenye The Namesake alinusurika ajali ya treni India mwaka 1961, akahamia Marekani, mwanae akampa jina la Gogol kwa sababu ya ajali ile maana alikuwa anasoma kitabu cha Gogol, mwandishi wa Kirusi, na kijana anakua analichukia jina, analibadilisha, yuko chuo kikuu ndo siku moja baba anamweleza wakiwa kwenye gari.

Swali langu: kimya hiki kinaletwa na kuhama, au baba zetu ndivyo walivyo popote pale? Maana baba yangu mimi hajawahi hata kuvuka Ziwa Tanganyika na sijui chochote kuhusu ujana wake. Kama kimya kilikuwepo tangu nyumbani, kuhama kumeongeza nini? Nikilijua hilo naamini hadithi yangu itasimama.

Mifano ya vitabu na filamu ruksa. Spoila ruksa pia.

---

BintiMkunazini:

Swali zuri sana hili mashaallah. Mimi wa Unguja, nakaa Uingereza miaka mingi sasa, na vitabu vya Gurnah nimevisoma karibu vyote.

Kwa ninavyoona mie, kimya kilikuwepo, ila nyumbani kimya cha baba kina watu wa kukijaza. Mtoto wa Unguja hangoji babaake amwambie kwamba alikuwa anasakata mpira akavunjika mguu, au alitaka kumuoa fulani akanyimwa. Shangazi atamwambia. Bibi atamwambia. Wazee barazani watamwita "we si mtoto wa fulani, hebu njoo" na hapo hapo atapewa habari nzima ya ukoo, pamoja na nyengine asizotakiwa kuzijua. Baba anaweza kunyamaza umri wake wote na mwanawe akamjua vizuri tu, tena akamheshimu kwa kile kimya.

Sasa mchukue baba huyo umpeleke Norwich, ndiko anakoishi Abbas. Hakuna shangazi, hakuna baraza, hakuna mtu mmoja njiani aliyemjua alipokuwa mdogo. Kile kimya kile kile alichotoka nacho kwao, ambacho kwao kilikuwa ni murua wa mtu mzima, huku kinakuwa shimo. Na watoto hawawezi kujua kama baba ananyamaza kwa heshima au anaficha kitu. Kwa Abbas kweli anaficha, alimwacha mke Zanzibar ana mimba, akakimbia. Lakini angalia mwandishi alivyofanya: Jamal, yule mtoto wa kiume, yuko chuo anaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu wahamiaji wanaoingia Ulaya. Kijana anasoma safari za watu wasiomhusu, na mhamiaji aliyemzaa yuko chumba cha pili na hajui pa kuanzia kumuuliza. Mimi sehemu ile niliiweka kitabu chini.

Na Abbas anapokuja kusema, anasemea kwenye kinasa sauti alichopewa na mkewe. Ana mke na watoto, na bado ilibidi aizungumzie mashine. Hicho ndicho kuhama kulichoongeza, kwa maoni yangu. Kumemnyang'anya baba mashahidi wake.

---

Mwalimu_Kitabuni:

Dada BintiMkunazini umeandika vizuri, hoja ya mashahidi naichukua nikafundishie. Ila niruhusu nikupinge kidogo kwa kitabu hicho hicho alichoanza nacho mleta mada.

Masud wa Gravel Heart ananyamaza Zanzibar. Hajaenda popote wakati ule. Baraza zipo, majirani wapo, Khamis mwenye duka yupo, na hakuna anayemwambia Salim chochote. Kwanini? Kwa sababu jambo lenyewe lina mkono wa mkubwa. Mjomba Amir alikamatwa kwa sababu ya mahusiano na binti wa mkubwa wa serikali, na kaka wa binti akataka Saida, mke wa Masud, ndiyo iwe bei ya kumtoa Amir. Mtu wa namna ile huwezi kumsema barazani. Kwa hiyo baraza inajaza kimya cha mapenzi na mpira, lakini kimya cha aibu iliyochanganyika na woga wa dola hata baraza inakilinda. Ndiyo maana nasema usiseme tu "nyumbani tungeambiwa". Inategemea kilichofichwa ni nini.

Sasa kuhama kumefanya nini pale? Tazameni mpangilio. Salim anapelekwa London na mjomba yule yule, akasome biashara, anashindwa, anafukuzwa nyumba ya mjomba, anaishi kwa vibarua, anaandika barua kwa mama na nyingine haposti kabisa. Miaka inapita. Masud naye kumbe anachukuliwa na babaake mzazi, Maalim Yahya, anapelekwa Kuala Lumpur. Hili watu wengi wanalipita haraka! Masud mwenyewe ni mtoto wa baba aliyehama. Maalim Yahya alikuwa mwalimu, Mapinduzi yalipopita akaenda Dubai kisha Kuala Lumpur na familia, Masud peke yake akabaki kwa ajili ya mapenzi ya Saida. Kwa hiyo tuna vizazi vitatu hapo na kila baba ametengana na mwanae kwa bahari.

Salim anarudi mama ameshafariki, baba naye amerudi, na hapo ndipo Masud anafungua mdomo, anasimulia usiku baada ya usiku. Mimi nadhani anasema kwa sababu anayekaa mbele yake sasa ni mtu mzima aliyekula ugeni kama yeye. Kama Salim angebaki Zanzibar miaka ile yote akipeleka kikapu kila siku, naamini Masud angekufa bila kusema. Yaani kuhama kulikowatenganisha ndiko kulikowapa pa kuzungumzia.

Sisemi riwaya ni maisha ya mwandishi, wanafunzi wangu nawakataza kosa hilo. Ila inafaa kujua kwamba Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi, na hakuweza kurudi mpaka 1984, akamkuta baba yake muda mfupi kabla hajafa. Mtu aliyepitia hayo anajua mazungumzo ya baba na mwana yanaweza kuchelewa kiasi gani.

---

Gusii_Minnesota:

Mimi nitaongea kama mtu ambaye nililetwa huku nikiwa darasa la sita, sio kama msomi wa fasihi.

Hivi vitabu mnavyovitaja vinapenda siri. Siri ya ndoa, siri ya ajali. Lakini wababa wengi ninaowajua huku hawana siri yoyote, wana shifti. Anafanya usiku kwa nyumba ya kutunza wazee, asubuhi analala kidogo, jioni anaingia kazi ya pili, na weekendi kuna harusi ama matanga ama harambee ya mtu. Akinyamaza ni kwa sababu amechoka, na mtoto akiona baba amelala kwa kochi na viatu bado ziko miguuni anajifunza kumpita polepole, na hiyo tabia ya kumpita polepole inaendelea hata siku yenye baba ako macho. Hakuna mtu alikosea mwingine. Ni masaa tu yamewakula.

Ukitaka kuona hiyo vizuri tafuta filamu inaitwa A Better Life ya 2011. Carlos ni Mmexico asiye na makaratasi, anafanya kazi ya bustani za matajiri Los Angeles, anakopa pesa kwa dadake ananunua lori ya kazi, lori inaibiwa. Kijana wake Luis hampendi vile, anaona baba ni mtu wa kudharauliwa, magenge yanamwita. Sasa hiyo kuibiwa kwa lori ndio inawatoa nje pamoja, wanazunguka mji wakiitafuta, na kijana kwa mara ya kwanza anaona baba yake akiwa kwa dunia yake, vile watu wanamjua, vile anaongea na wengine, vile hataki kulipiza kisasi. Baadaye baba anakamatwa, anarudishwa Mexico, na kabla ya hiyo kwa kizuizi anamjibu kijana swali alimuuliza nyuma, kwamba kwa nini walimzaa. Demián Bichir aliteuliwa kuwania Oscar kwa hiyo kazi na alistahili kabisa.

So mleta mada, ushauri wangu: usiwakalishe baba na dogo mezani waongee. Wape kitu cha kutafuta pamoja. Mtu wa cherehani kiwandani amekuwa nani? Hakuna mtu pale anajua mikono yake inaweza kushona suti. Wacha dogo aone hiyo mikono ikishona mbele ya watu siku moja.

Na kuna kingine, heshima kugeuka. Kuna hadithi fupi ya Hanif Kureishi ya 1994, My Son the Fanatic. Parvez ni dereva wa teksi Uingereza, amefanya usiku miaka mingi ili kijana awe Mwingereza kamili, na kijana anageuka kuwa mtu wa dini kali, anamhukumu baba kwa pombe zake. Baba anafika pahali anampiga. Kijana anamuuliza, sasa mwenye msimamo mkali ni nani? Hapo tofauti na Carlos, kijana anamdharau baba kwa sababu baba amefuata huku sana. Ukihama na mtoto hujui ni upande gani atakuhukumu nao.

---

Papa_Nyarugusu:

Jambo wote. Miye ni Mukongomani, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kasulu, sasa niko Canada na wazazi.

Hiyo neno ya heshima kugeuka ndugu wa Minnesota amesema, nataka niiweke wazi zaidi kwa mwenye kuandika. Inageukia kwa ulimi. Papa yangu kule kambini alikuwa mtu wa kusuluhisha watu, mabibi na mabwana wakigombana wanaletwa kwake. Huku tulipofika, kila karatasi ni mimi. Hospitali ni mimi. Barua ya nyumba ni mimi. Nilikuwa mtoto bado na nikakaa katikati ya papa na daktari, daktari anauliza kama papa anapata choo vizuri, kama analala na mama vizuri, na ni mimi mtoto wake wa kiume ndiye wa kumuuliza hiyo. Unaona? Kwetu mtoto hawezi kuuliza baba hiyo hata afe.

Na pale katikati mtoto anaanza kuchagua. Papa anasema maneno mengi ya adabu, anamsalimia yule wa ofisi na familia yake, anamshukuru Mungu, miye natafsiri "anasema asante". Yule wa ofisi anasema kitu kikavu, miye nakipamba kidogo papa asiumie. Nilikuwa namlinda. Lakini ukimlinda baba yako ukiwa na miaka kumi na mbili, kurudi nyumbani jioni akuambie "kaoshe vyombo" inakuwa ngumu kwenu wawili. Yeye anajua. Na wewe unajua anajua.

Mimi sijasoma hivi vitabu vya Kiingereza mnavyotaja. Kama kuna mwenye ameandika hiyo mniambie.

---

BintiMkunazini:

Pole sana kaka yangu, na ahsante kwa kutuambia.

Umenikumbusha By the Sea (2001), tena imekuja kwa upande mwengine kabisa. Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, kuomba hifadhi, na aliyemuuzia tiketi kamshauri asiseme Kiingereza. Anakijua, ila anajifanya hajui, kwa hivyo wanamtafutia mtu wa kumsaidia lugha. Sasa pasipoti anayosafiria ina jina la mtu mwengine, Rajab Shaaban. Na mtu anayefikiwa kwa ajili ya lugha ni Latif, mhadhiri London, ambaye ni mtoto wa Rajab Shaaban wa kweli, na babaake ameshafariki! Kijana ambaye hakutaka kujua habari za kwao miaka mingi anaambiwa kuna mzee kaja na jina la babaako. Na mzee mwenyewe ndiye aliyeichukua nyumba yao.

Wanakutana na kuongea siku baada ya siku na pole pole Latif anapata habari za babaake kutoka kwa adui wa babaake. Na Saleh Omar aliyefiwa na mke na binti akiwa jela naye anapata mtu wa kumsikiliza kama mwana. Kwa hivyo Mwalimu, hoja yangu ya mashahidi naiona inasimama hapa. Shahidi wa baba kaja mpaka pwani ya Uingereza, miaka thalathini baadae.

---

Mama_Zawadi:

Mnaongea vizuri ila mbona akina mama mmewapita kama samani? Samahani mleta mada, hujasema mama wa huyo dogo yuko wapi.

Angalieni hivyo vitabu vyenu. Nani alikuwa anapika na kupanga kile kikapu cha Masud kila siku kabla Salim hajaanza kukibeba? Saida. Nani kaleta kinasa sauti? Maryam, mke wa Abbas. Kwenye The Namesake anayepiga simu, anayejua watoto wako wapi, anayepeleka salamu kwa baba na kurudisha ni Ashima, mke wa Ashoke. Baba na mtoto wa kiume hawahitaji kuongea kwa sababu yuko mwanamke anayewabebea maneno. Na mnaona lini wanaongea? Gravel Heart mpaka mama afe. Kwenye The Namesake mama hafi, anakufa Ashoke, ghafla, yuko peke yake Ohio kwa kazi, na Gogol ndo anaenda kufungasha vitu vya baba na kulala kwenye ile nyumba ya kupanga, na analala kule makusudi kwa sababu hataki iwe tupu. Mimi ile sura niliisoma mara mbili, na filamu yake ya Mira Nair nayo ipo, itafuteni.

Kwa hiyo kaka kama umemtoa mama kwenye hadithi, jua umewatoa mkalimani wao wa kwanza kabla hata hawajafika Marekani. Hiyo ni nguvu, itumie.

---

Cherehani_ya_Ujiji:

Nimekaa nasoma hizi komenti tangu jana na daftari mkononi, asanteni kutoka moyoni.

Mama Zawadi, mama yuko kule kule Kigoma, waliachana, kaolewa tena mtaa wa Mwanga. Nilimuweka huko ili nisisumbuke naye, sasa naona ndo kiungo chenyewe. BintiMkunazini nikuulize lakini: Abbas aliondoka zama za meli na barua. Wangu ameondoka juzi, kuna WhatsApp, shangazi anaweza kutuma voisi noti dakika tano kutoka Kigoma akamwambia dogo kila kitu. Mashahidi wako mfukoni. Je, hoja inakufa?

---

Papa_Nyarugusu:

Haikufi ndugu. Mdogo wangu wa mwisho shangazi anamtumia hizo voisi kila juma. Anazisikiliza nusu. Kiswahili chake kimeisha, kilichobaki ni "shikamoo" na majina ya chakula. Shangazi anamwambia habari za papa, za vita, za Kalemie, anacheka ndani ya simu na kulia, na mtoto ananiuliza mimi "amesema nini?" Mimi tena.

---

BintiMkunazini:

Nilikuwa naandika jibu, nimelifuta. Mchukue hilo la kaka Papa_Nyarugusu, ndio lenyewe.

---

Mwalimu_Kitabuni:

Mleta mada, jambo moja la ufundi. Usimpe baba ungamo la mwisho ambalo linaeleza kila kitu. Gurnah anaweza kwa sababu amejenga kitabu kizima kuelekea usiku ule. Wewe una hadithi ya kati, ukimpa fundi wako hotuba sura ya mwisho utarudi kule kule ulikotoka.

Jifunze kwa Lahiri. Kuna kumbukumbu inakuja baada ya Ashoke kufa: Gogol mdogo na baba yake wanatembea juu ya mawe pale Cape Cod mpaka mwisho, mahali ambapo huwezi kwenda zaidi, na baba anagundua kamera hawanayo. Anamwambia mtoto ikumbuke safari hii, wewe na mimi. Baba hatoi siri yoyote pale, na ukiisoma unamjua.

Na kwa wale ambao Kiingereza kinawasumbua, anzeni na Peponi, Paradise ya mwaka 1994 iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Humo Yusuf wa miaka kumi na mbili anatolewa na baba yake kufidia deni, anapanda treni na mtu anayemwita ami, na hajui kama hatarudi. Hakuna Ulaya humo, ila mengi tuliyozungumza hapa yameanzia mle.

---

Cherehani_ya_Ujiji:

Naleta kipande nilichoandika usiku huu, mnikosoe bila huruma:

"Nesi aliuliza kidole kimekatwa na nini. Baba akasema, mwambie mashine ya kule ni ya kijinga, mimi nimeshika mkasi tangu sijaota ndevu na sijawahi kujikata. Kassim akamwambia nesi, mashine. Baba akamtazama. Maneno yangu yote yale, akasema, yamekuwa hilo moja?"

---

Papa_Nyarugusu:

Nzuri sana. Ongeza kitu kimoja. Nesi hamwangalii baba. Anamwangalia mtoto muda wote, hata wakati anamfunga baba bandeji. Na usimwache baba aulize hilo swali pale mbele ya mtu. Papa wetu wangelinyamazia mpaka kwenye basi.

---

Mama_Zawadi:

Na jioni mama apige simu kutoka Mwanga aulize kidole kinaendeleaje. Nani kamwambia?